Marudio: Siku Isiyokwisha katika Anime za Kijapani na Injili ya Mara Moja

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki aina moja ya hadithi ambayo haijazoeleka kutajwa katika kurasa za jarida la chuo cha theolojia, nayo ni hadithi ya siku inayojirudia, kama isimuliwavyo katika filamu za kuchorwa kutoka Japani zijulikanazo kwa jina la anime. Katika hadithi hizo mtu hujikuta akiishi siku ileile, au mwezi uleule, mara nyingi mno. Jioni ikifika, au rafiki yake akifa, wakati hurudi nyuma na asubuhi ya kwanza huanza tena. Wengine wote husahau. Mmoja tu ndiye anayekumbuka.

Huenda msomaji akauliza mambo hayo yanawahusu nini watumishi wa Kanisa. Tuna sababu mbili. Kwanza, baadhi ya vijana tunaowafundisha Kipaimara katika mitaa ya Geita, Kahama na Shinyanga wanazitazama. Hapo zamani filamu za kigeni ziliwafikia watu katika vibanda vya video, zikisimuliwa kwa Kiswahili na wafasiri wa sauti, sanaa ambayo Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliipatia sifa kubwa nchini. Siku hizi katuni husafiri kwa simu ya mkononi, wala hazimngoji mfasiri. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, hadithi hizi zinauliza swali lilelile ambalo mchungaji wa machimboni huulizwa baada ya maziko, wakati jamaa wamekwisha kunawa mikono na kukaa chini ya mti: je, jana yaweza kutengenezwa?

Hoja yetu ni hii. Hadithi zilizo bora za aina hii zinafahamu jambo ambalo mahubiri mengi katika ukanda wa dhahabu hayalifahamu, kwamba kupewa siku nyingine hakumwokoi mtu, na kwamba marudio huwa mzigo mpaka pawepo mtu wa kulipa gharama. Lakini hata hizo zilizo bora hujikwaa mahali pamoja: hutaka jeraha lifutwe na kusahauliwa, hali Injili yetu hulichukua jeraha na kulikumbuka. Tutazipima hadithi tatu kwa maswali matatu: Nani anakumbuka? Nani analipa? Na mlango unafunguliwa na nini?

2. Neno "marudio" katika lugha ya machimbo

Kabla ya kwenda Japani yafaa tutazame neno tulilo nalo nyumbani. Msikilizaji wa redio na mtazamaji wa televisheni analijua neno marudio kuwa ni kipindi kilichokwisha kurushwa kinachorushwa tena. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au wa Kahama analijua kwa maana nyingine. Mawe yakitoka katika duara husagwa kwenye karasha, kisha unga wake huoshwa kwa maji juu ya mwalo, na kile kizito kinachobaki huchanganywa na zebaki ili kuikamata dhahabu. Mchanga uliokwisha kuoshwa ndio uitwao marudio. Hautupwi, kwa maana zebaki huacha dhahabu nyingi ndani yake, mara nyingi zaidi ya nusu. Basi mchanga huo hukusanywa, hupelekwa kwenye matangi, hulowekwa katika sayanaidi, na hutoa dhahabu ambayo mwosho wa kwanza haukuiona.

Mambo matatu katika kazi hiyo yatatufaa mbele ya safari. La kwanza, mwosho wa pili haufanani na ule wa kwanza ingawa mchanga ni uleule. Kama dawa haikubadilika, mchanga ungeoshwa hata mwaka mzima bila faida. La pili, mchanga wa marudio hauji mtupu: huja na zebaki ya mwosho wa kwanza, nayo ikikutana na sayanaidi hatari kwa maji na kwa watu huongezeka. La tatu, marudio mara nyingi hayabaki kwa yule aliyeshuka duarani. Humbakia mwenye karasha au mwenye mwalo kama sehemu ya malipo yake, na huyo ndiye anayevuna. Kwa hiyo, mtu akituambia habari ya jambo linalojirudia, haitoshi kuuliza linajirudia mara ngapi. Tuulize pia limebadilika nini, limebeba sumu gani, na faida yake inakwenda kwa nani.

3. Likizo ya mara elfu kumi na tano

Hadithi ya kwanza ni sehemu ya mfululizo wa Suzumiya Haruhi, iliyotungwa na Nagaru Tanigawa na kuchorwa na studio ya Kyoto Animation. Mwaka 2009 televisheni ya Japani ilirusha vipindi vinane, juma baada ya juma, vyenye kisa kilekile: wanafunzi wa sekondari wanamaliza siku za mwisho za likizo ya Agosti kwa kuogelea, kukamata nyenje, kutazama nyota na kufanya kibarua. Kila tarehe 31 Agosti usiku, wakati unarudi nyuma. Kipindi cha mwisho kinatuambia kwamba siku hizo zimerudiwa mara 15,532. Wachoraji hawakurusha mkanda mmoja mara nane. Walichora upya kila kipindi, wakabadilisha mavazi na pembe za kutazamia, na waigizaji wakasema maneno yao upya. Watazamaji wengi walikasirika, na hasira yao tunaielewa. Hata hivyo twaona kwamba kazi hiyo ilithubutu kufanya jambo ambalo wengine hulieleza tu: ilimfanya mtazamaji mwenyewe achoke.

Nani anakumbuka? Ni Nagato Yuki, msichana mkimya ambaye kwa kweli ni kiumbe aliyeletwa duniani kuangalia na kutoa taarifa. Amezikumbuka likizo zote, jumla yake zaidi ya miaka 590, naye hakusema neno mpaka alipoulizwa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuangalia. Hapo mchungaji anapaswa kutulia kidogo. Kumbukumbu isiyosema haimwokoi mtu. Wapo katika mitaa yetu wanaokumbuka yote, nani alizikwa wapi na kifusi kiliporomoka kwa uzembe wa nani, lakini wamejihesabu kuwa waangalizi.

Mlango unafunguliwa na nini? Jibu linashangaza kwa udogo wake. Haruhi, ambaye bila kujua ndiye anayeurudisha wakati, anahisi kuna jambo halijatimia. Wenzake wanajaribu kumfurahisha kwa michezo zaidi, na kila likizo inashindwa. Mwishoni kijana Kyon anapaza sauti kwamba kazi zake za shule bado, na kwamba wazifanye wote pamoja nyumbani kwake. Siku ya pili Septemba inaingia. Deni lililosahaulika, likilipwa kwa ushirika, ndilo lililokuwa limeufunga wakati. Tunaiona hekima katika jambo hilo, ingawa gharama yake ni ndogo mno kutubeba mbali: hakuna aliyekufa katika likizo hiyo.

4. Damu iliyoonekana mwanzoni

Katika Steins;Gate, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2009 uliofanywa anime ya vipindi 24 mwaka 2011, kuna aliyekufa. Okabe Rintaro, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Akihabara, Tokyo, pamoja na wenzake wanagundua kwa bahati njia ya kutuma ujumbe wa simu katika wakati uliopita. Baadhi ya marafiki wanatuma ujumbe wa kutengeneza jambo lililowauma, na kila ujumbe unaupindisha ulimwengu, mpaka wanafika katika ulimwengu ambamo Mayuri, rafiki yake wa utotoni, anakufa. Okabe anazirudisha kumbukumbu zake katika mwili wake wa saa chache nyuma ili amwokoe. Mayuri anakufa tena kwa njia nyingine, na tena kwa nyingine. Baada ya kurudi mara nyingi, Okabe anaanza kumtazama rafiki yake akifa bila machozi. Sehemu hiyo ndiyo ya kweli kupita zote katika hadithi: marudio yameanza kuula moyo wake. Wachungaji wanaozika vijana watatu kwa mwezi wataitambua hatari hiyo bila kuhitaji maelezo.

Nani analipa? Ili Mayuri aishi, kila ujumbe uliotumwa lazima ubatilishwe. Yupo msichana ambaye ujumbe wake ulimrudishia baba yake aliyekuwa amekufa. Anaambiwa habari hiyo na anakubali kumpoteza baba yake mara ya pili. Hadithi za chini katika aina hii humpa shujaa ushindi kwa ustadi, kama mtu aliyejizoeza mchezo mpaka akaumudu. Hii inasema kwamba uhai wa mmoja una bei, na bei hiyo inalipwa na watu wenye majina na huzuni zao.

Na mwisho wake unastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa Agano Jipya. Mwanzoni kabisa Okabe alikuwa amemwona msichana mwingine, Makise Kurisu, amelala katika damu. Mwishoni anaelezwa kwamba jambo alilokwisha kuliona halifutiki; kinachowezekana ni kulihifadhi lile lililoonekana huku Kurisu akiwa hai. Anarudi siku ile, anachomwa kisu kwa ajili yake, na damu inayomzunguka Kurisu sakafuni inakuwa damu ya Okabe mwenyewe. Siku haikugeuzwa, ilionekana vilevile. Kilichobadilika ni damu ilikuwa ya nani. Hatusemi kwamba mtunzi alikusudia kuhubiri, wala si haki kumbatiza mtu kwa nguvu. Twasema tu kwamba hapa hadithi ya sayansi ya kubuni imefika karibu sana na neno la badala, ambalo sisi tumelizoea mno hata halituchomi.

5. Mkataba na deni linalokua

Hadithi ya tatu, na kwa maoni yetu iliyo bora kuliko zote, ni Puella Magi Madoka Magica ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Akiyuki Shinbo na kuandikwa na Gen Urobuchi kwa vipindi 12. Kiumbe mdogo mweupe aitwaye Kyubey anawaendea wasichana na kuwapa mkataba: kila mmoja atapata jambo moja alitakalo, na baada ya hapo atapigana na wachawi. Hasemi uongo. Ila hasemi yote mpaka aulizwe. Wasichana wanakuja kujua baadaye kwamba roho zao zimetolewa miilini na kuwekwa katika vito, na kwamba aliyekata tamaa anageuka kuwa mchawi yuleyule aliyekuwa akipigana naye. Kyubey huvuna nguvu inayotoka katika kugeuka huko, apate kuuzuia ulimwengu usipoe.

Msichana Homura, aliyemwona rafiki yake Madoka akifa, ametaka arudi nyuma kumwokoa. Anaurudia mwezi mmoja tena na tena, na kila mara anashindwa. Ndipo tunapofahamishwa jambo la kutisha: marudio yenyewe yamemfunga Madoka kwa nyuzi nyingi za majaliwa, kiasi kwamba kila mzunguko unamfanya awe windo kubwa zaidi kwa Kyubey. Upendo wa Homura ndio unaolikuza deni. Hapa twakumbuka mchanga wa marudio na zebaki yake: aoshaye mara ya pili kwa nia njema hapati mchanga safi, hupata mchanga wenye sumu ya mwosho wa kwanza. Twamkumbuka pia mwenye karasha, kwa maana katika kila mzunguko yupo anayevuna, naye hakushuka duarani.

Mlango unafunguliwa Madoka anapotaka jambo ambalo haliwezi kumfaa yeye mwenyewe. Anaomba wachawi wote, wa zamani na wa wakati ujao, wasizaliwe kamwe. Naye anakwenda kwa kila msichana saa ya mwisho wake na kuichukua huzuni yake. Tuangalie kwa makini asichokifanya. Hawarudishi wafu. Rafiki yake Sayaka, aliyetoa nafsi yake ili mkono wa kijana mmoja mpiga fidla upone, bado anakufa, kwa sababu kuifuta siku yake kungekuwa kuufuta na upendo wake. Madoka anaiacha historia isimame na kuiondolea laana. Katika hadithi za aina hii hatujaona mahali palipofikiriwa kwa kina kuliko hapo.

6. Kasoro ya hadithi hizi

Baada ya sifa hizo ni wajibu wa mhakiki kusema palipopungua. Tunaona kasoro mbili.

Ya kwanza ni kwamba katika mzunguko wa wakati jirani hugeuka kuwa kitu cha kujaribia. Mwenye kukumbuka anajua atakachosema mwenzake kabla hajakisema. Wote waliomzunguka wamekuwa kama vikaragosi. Watunzi wenyewe wanajua. Mamoru Oshii, katika filamu yake ya Urusei Yatsura ya mwaka 1984, iliyo miongoni mwa za mwanzo za aina hii katika anime, aliwaonyesha wanafunzi wanaojiandaa milele kwa tamasha la shule lisilofika, na sababu ikawa kwamba wote wanaishi ndani ya ndoto ya msichana mmoja aliyetaka furaha yake isiishe. Ndivyo ilivyo: siku isiyokwisha ni siku ya mtu mmoja, na wengine ni wageni ndani yake. Mamoru Hosoda naye, katika filamu yake ya mwaka 2006 kuhusu msichana anayeruka nyuma ya wakati, aliliweka jambo hilo wazi: kila aibu ndogo msichana anayoikwepa humwangukia mwingine.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi kwetu. Hadithi hizi hupenda kumaliza kwa kusahau. Ulimwengu unaponyooka, waliokufa katika mizunguko iliyotangulia huhesabiwa kuwa hawakufa, na maumivu yao kuwa hayakuwapo. Hata Madoka, baada ya kuwakomboa wote, anasahauliwa na karibu wote isipokuwa Homura. Mama yake aliyemzaa hamjui. Huyo ni mkombozi asiye na ukumbusho. Hapo ndipo njia yetu na ya watunzi hawa inapoachana, na yafaa tuseme sababu.

7. Mhubiri, Augustino na mwandishi wa Ukerewe

Wazo la wakati unaozunguka si jipya. Mhubiri aliliona jua likichwea na kuiharakia sehemu yake, na mito ikienda baharini bila bahari kujaa (Mhu. 1:4-11). Wanafalsafa wa kale walifundisha kwamba mambo yote yatarudi yalivyokuwa. Augustino, katika kitabu cha 12 cha Mji wa Mungu, aliwajibu kwa hoja iliyo fupi na nzito: Kristo alikufa mara moja kwa ajili ya dhambi zetu, basi mzunguko umevunjika. Karibu miaka 1,500 baadaye Nietzsche aliufufua mzunguko huo, akauliza kama mtu angeweza kuyapenda maisha yake kiasi cha kuyataka yarudi yote bila kubadilika. Na wahakiki wengi wameiona alama ya Nietzsche katika riwaya mbili fupi za Euphrase Kezilahabi, Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991. Mzaliwa huyu wa Ukerewe, aliyesomeshwa katika Seminari ya Nyegezi na kufariki mwaka 2020, aliuvunja mstari wa wakati katika fasihi ya Kiswahili miaka mingi kabla vijana wetu hawajaiona anime hata moja. Msafiri wake huzunguka katika dunia iliyokwisha na inayotaka kuanza tena, na maswali yake yanagusa moja kwa moja imani aliyofundishwa ujanani. Mwanafunzi atakayezisoma hadithi za Japani bila kumsoma jirani huyu wa Ziwa atakuwa ameruka kisima cha nyumbani.

Kwa upande wa theolojia, hatuwezi kulipita jina la John Mbiti. Katika vitabu vyake vya mwaka 1969 na 1971 alidai kwamba kwa Wakamba, na kwa Waafrika wengi, wakati una pande mbili, Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Kwa hiyo mahubiri ya mambo ya mwisho huota mizizi kwa shida. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa ushahidi wa Waakan. Sisi twaongeza ushahidi mmoja kutoka machimboni. Mchimbaji mdogo anao wakati ujao mwingi kupita kiasi. Anaishi kwa kesho: kesho mwamba utapatikana, kesho viroba vitagawanywa. Lakini kesho yake ni ileile ya jana, naye akisikia kwamba dhahabu imeonekana kwingine, huhama na kuianza upya. Shida yake haiko katika kukosa wazo la kesho. Shida ni kesho inayorudiwa bila dawa kubadilika.

8. Mara moja, na kila siku

Waraka kwa Waebrania unashika neno mara moja kama mtu ashikavyo kamba ya kupandia. Kuhani mkuu aliingia patakatifu kila mwaka kwa damu isiyo yake, Kristo alijitoa mara moja tu (Ebr. 9:25-28). Mwandishi anaona jambo ambalo Homura alilijua kwa uchungu: dhabihu inayorudiwa hukumbusha dhambi kila mwaka bila kuiondoa (Ebr. 10:1-4). Marudio ni ushahidi kwamba kazi haijakwisha.

Je, maisha ya Mkristo basi hayana marudio? Sisi Walutheri hatuwezi kusema hivyo. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 Luther anafundisha kwamba ubatizo wa maji una maana ya Adamu wa kale kuzamishwa kila siku kwa toba, na mtu mpya kutoka kila siku. Kila siku! Lakini tofauti na siku isiyokwisha ya katuni ni kubwa. Katika mzunguko mtu hurudi ili alifanye jambo upya mpaka alipatie. Katika toba mtu hurudi kwenye jambo lililokwisha kufanywa na mwingine. Anayebatizwa habatizwi tena, hurudi palepale. Hii ndiyo dawa iliyobadilika, ambayo bila hiyo mchanga ungeoshwa bure.

Na zaidi ya hayo, Bwana aliyefufuka alimwonyesha Tomaso majeraha (Yn. 20:27). Siku ya Ijumaa haikufutwa. Pasaka haikumrudisha Yesu katika Alhamisi ili apite njia nyingine asikutane na Yuda. Ijumaa imechukuliwa ndani ya Pasaka, ikiwa na alama zake zote. Na usiku ule wa kusalitiwa aliwapa wanafunzi Meza ya ukumbusho. Madoka alikomboa akasahauliwa. Kristo alikomboa na akaamuru akumbukwe, na katika ukumbusho huo hakuna anayekumbuka peke yake. Mzigo uliomvunja Homura unabebwa na usharika mzima.

9. Kwa watumishi wa machimboni

Tukishuka sasa mimbarini, twaona mambo manne.

Kwanza, mahubiri ya kuanza upya. Katika mikesha ya mwaka mpya huhubiriwa mara kwa mara kwamba Mungu anafuta yote na kumpa mtu mwanzo mpya, na kwamba mwaka huu ndio wa kutoboa. Anayehubiri hivyo huahidi mzunguko mwingine tu. Zakayo hakurudishiwa miaka yake ya ushuru, alirudisha mara nne kile alichonyang'anya (Lk. 19:8). Msamaha humfungulia mtu njia ya kulipa deni, kama wale wanafunzi walivyoingia Septemba kwa kukaa chini na kufanya kazi iliyobaki.

Pili, mikataba. Kuanzia mwaka 2007 hivi ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, na mikoa ya Kanda ya Ziwa ilitajwa sana, kwa sababu waganga waliwaahidi watu bahati ya dhahabu na ya samaki. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Kijana anayemwelewa Kyubey ameshaelewa nusu ya jambo hilo: anayekuahidi kuipindisha bahati hakuambii ni mwili wa nani utakaolipa. Tungeitumia hadithi hiyo katika darasa la Kipaimara bila kusita.

Tatu, maziko. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na tena maji yakimwagika hayazoleki. Mjane anayesema laiti ningemzuia asishuke siku ile anairudia asubuhi ileile mara mia katika moyo wake. Tusimharakishe kwa kumwambia kwamba ilipangwa, wala kwamba lililopita si ndwele. Kwake lililopita ni ndwele. Tukae naye ndani ya siku hiyo, tukijua kwamba yupo aliyekwisha kuiingia. Oktoba 2015 kifusi kiliwafunika wachimbaji katika machimbo ya Nyangarata, wilayani Kahama, na watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa kula wadudu na kunywa maji machafu. Chini kule hakuna mawio wala machweo. Siku zote 41 zilikuwa siku moja. Waliobaki juu hawakuwa na uwezo wa kuirudisha saa ya kabla ya kifusi. Kilichowezekana ni njia ifunguliwe mpaka walipo, nayo ikafunguliwa. Tunapokiri katika Imani ya Mitume kwamba Kristo alishuka kuzimu, tunakiri jambo la namna hiyo, na mtu wa machimbo atalisikia upesi kuliko mtu wa mjini.

Nne, kumbukumbu. Usharika wa machimboni huhamahama. Dhahabu ikisikika kwingine, nusu ya viti huwa vitupu, na majina ya waliozikwa huondoka na waliowajua. Daftari la usharika lina ubatizo, Kipaimara na ndoa. Mara chache lina orodha ya waliokufa duarani.

10. Hitimisho

Hadithi za siku irudiayo zisidharauliwe na walimu wa Kanisa. Zimeonyesha kwamba marudio hukuza deni, kwamba yupo anayevuna katika marudio ya wengine, na kwamba mlango haufunguki mpaka mtu atoe kilicho chake. Zilipopungua, zimepungua kwa kusahau. Kwa wanafunzi wanaojiandaa kwenda kutumika Geita na Shinyanga tunaacha kazi moja, ambayo haihitaji maktaba. Mtakapopokea mtaa wa machimboni, ulizeni kwa wazee majina ya waliozikwa na kifusi tangu mtaa ulipoanza, na mwaka wa kila mmoja. Yaandikeni. Kisha amueni, pamoja na baraza la wazee, ni Jumapili ipi majina hayo yatasomwa mbele ya Meza ya Bwana.